Kupima Ubora wa Fomu ya Mtandaoni

Nyumba njema si mlango, na fomu ya mtandaoni haipimwi kwa rangi wala vitufe. Kipimo chake ni kama inatenganisha data iliyokwisha kuhifadhiwa na ile inayoandikwa sasa hivi. Tuseme ni fomu ya kusajili kaya zilizokumbwa na mafuriko ya Mto Tana, iliyojengwa kwa Django. Eneo bunge la Garsen, ambako fomu hiyo inatumika, lina wadi sita, na maji yakipanda watu huhama, hivyo rekodi hazikai bila kurekebishwa. Ukikuta ukurasa umeandika “Wadi: 4”, jua fundi aliharakisha. Kwenye kiolezo aliita form.wadi.value, ambayo hutoa namba ya utambulisho tu. Jina ambalo karani analitambua limo kwenye modeli, na hufikiwa kwa form.instance.wadi.

Hata hivyo, njia hiyo ya pili ina mtego wake, na hapo ndipo fundi stadi hujulikana. Fungua rekodi ya kaya ya Kipini Magharibi, chagua Garsen Kati, kisha ukosee namba ya simu kwa makusudi na ubonyeze kuhifadhi. Simu itakataliwa na hifadhidata haitaguswa, lakini kichwa cha ukurasa kinachosoma form.instance kitaonyesha Garsen Kati. Sababu ni kwamba Django inapokagua fomu huingiza majibu yaliyo sahihi kwenye nakala ya rekodi iliyoko kwenye kumbukumbu, hata kama jibu jingine limekosewa. Kazi bora bado itaonyesha Kipini Magharibi, kwa kuwa mwenye kuiunda aliisoma rekodi ya awali peke yake na kuipeleka kwenye kiolezo kwa jina tofauti.

Wapo watakaosema ujumbe wa kosa unatosha. Hautoshi: karani mwenye foleni akiona Garsen Kati pale juu ataamini uhamisho umekubaliwa, na mgao wa msaada wa kaya hiyo utaendelea kupelekwa Kipini Magharibi. Wengine watauliza kwa nini wadi sita tu zisiandikwe kwa mkono ndani ya kiolezo. Ni kwa sababu Kifungu cha 89 cha Katiba ya Kenya kinataka idadi, majina na mipaka ya wadi ipitiwe upya mara kwa mara. Orodha inayotoka kwenye modeli hurekebishwa mara moja na kila fomu ikaifuata. Iliyotapakaa kwenye violezo itasahaulika mahali.