Vidole Viwili na Mshono

Tangu Oktoba hadi Machi viwanja vya kriketi vya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, havina kazi. Nyasi zimeloa, mashine za kukatia zimefungiwa bandani, na wachezaji wanahesabu wiki. Ndiyo miezi ya vyama vya wapenzi wa mchezo huo. Wanachama, wengi wao wastaafu, hukusanyika jioni katika ukumbi wa klabu, chai au bia mkononi, kumsikiliza mgeni.

Mgeni wa jioni hii alikuwa mrushaji wa zamani wa kaunti, mtu wa mkono wa kushoto, wa mipira ya taratibu. Wageni wa aina yake kwa kawaida huleta visa vya chumba cha kubadilishia nguo: nani alilala mpaka mechi ikaanza, nani alivaa viatu vya mwenzake. Watu hucheka, hupiga makofi, huenda zao. Mzee huyu aliomba meza isogezwe pembeni, akatoa mpira mfukoni mwa koti, akasimama chini ya taa, mahali ambapo kila mtu angeuona mkono wake. Kwa saa nzima na ushei alieleza jambo moja tu: jinsi mpira unavyotoka vidoleni na kumfikia mpigaji aliyesimama upande wa pili, mwendo wa mita 20 hivi.

Alianza na mpira wenyewe, akiugeuza polepole tuone pande zote. Ndani una kiini cha koki kilichozungushiwa uzi wa sufu, tabaka juu ya tabaka, uzi umevutwa ukakaza. Juu umevikwa ngozi nyekundu. Sheria inataka uwe na uzito wa kati ya gramu 156 na 163. Kiunoni umezungukwa na mshono: safu sita za nyuzi zilizolala sambamba, zimeinuka juu ya ngozi kiasi cha kuhisiwa na ncha ya kidole hata gizani. Warushaji wa kasi huuthamini mng'aro wa ngozi, ndiyo maana huonekana wakisugua mpira kwenye suruali mpaka kitambaa cheupe kinaingia wekundu. Yeye alitaka mshono. Mpira uliokwisha kuchezwa ova 40, na ova moja ni mipira sita, ngozi imekwaruzika lakini nyuzi bado zimesimama, huo ndio aliounyooshea mkono nahodha alipotafuta mtu wa kurusha.

Kisha akatuonyesha mshiko. Kidole cha shahada na cha kati vilipanuliwa mbali kadiri vinavyoweza, vikakaa juu ya mshono kwa kuukata, si kwa kuufuata. Pingili ya juu ya kidole cha shahada ndiyo iliyobeba kazi yote. Ilijikunja na kuukaba mshono kwa ubavu wake. Kidole cha pete kilijikunja chini kuuzuia mpira usianguke, na cha mwisho kikajificha nyuma yake. Kidole gumba kilikuwapo kwa heshima tu. Alikiinua, mpira ukabaki palepale.

Mpira ulizungushwa ukumbini, kila mtu akajaribu. Ukiupanua mkono hivyo, ngozi ya katikati ya vidole huanza kulalamika kabla hujafika kwenye dakika moja. Ulipomrudia, alituomba tuangalie kidole chake cha shahada kwa karibu. Kifundo cha juu kilikuwa kinene kuliko vya mkono wa kulia na kimepinda kidogo kuelekea gumba. Ubavuni palikuwa na sugu ngumu, yenye mstari mweupe katikati, mahali ambapo ngozi ilikuwa ikipasuka karibu kila msimu. Ikipasuka, mrushaji wa kasi hupumzishwa. Wa taratibu hupaka dawa na kuendelea, kwa kuwa anategemewa kurusha mchana kutwa. Bishan Bedi wa India, naye wa mkono wa kushoto, aliyecheza miaka kadhaa Northamptonshire, alijulikana kwa kufua nguo zake mwenyewe kwa mkono, akiamini kwamba kukamua nguo hulainisha vidole na mabega. Mzee aliusimulia ushauri huo bila kutabasamu. Yeye pia alifua.

Baada ya mkono zikaja hatua. Palikuwa na nafasi kati ya safu za viti, akaitumia. Hatua zake zilikuwa chache, ndogo, zisizo na haraka yoyote, na kazi yake ni kuufikisha mwili mahali pake ukiwa umetulia. Goti lilimsumbua, kwa hiyo kila hatua aliisimamisha na kuieleza, na huo upolepole ukatuonyesha yale ambayo uwanjani hupita kwa nusu sekunde. Hatua ya mwisho kabla ya kurusha, kiwiliwili kiligeuka ubavu. Mkono wa kulia ulipanda juu, naye akawa anamtazama mpigaji wa kufikirika kwa juu ya bega la kulia, nyuma ya mkono huo. Mguu wa kulia ukatua mbele, ukakaza gotini.

Hapo alishika mgongo wa kiti. Alitaka tuone mzunguko, na bila kiti asingeuweza tena. Akiwa amesimama kwa sehemu ya mbele ya unyayo wa kulia, aliugeuza mwili wote juu yake: nyonga ya kushoto ikapita mbele, bega la kushoto likaifuata, mkono wa kulia ukavutwa chini mpaka kwenye mbavu, na mkono wa kushoto ukapita karibu na sikio na kumalizia ng'ambo ya pili ya mwili. Alirudia mara kadhaa, akihema. Watazamaji wengi hudhani mpira huzungushwa na vidole. Kwa maelezo yake vidole hupokea tu nguvu iliyokwisha kutengenezwa na mguu na nyonga, na mrushaji anayetegemea vidole peke yake huchoka kabla ya chakula cha mchana.

Kuachia mpira kulichukua sehemu kubwa ya jioni, na sikuona mtu akiangalia saa. Kifundo cha mkono hukunjwa nyuma kwanza, halafu hufunguka. Kidole cha shahada huvuta mshono chini kwa upande wake, cha kati husaidia, na kiganja hugeuka: ni mkono wa kushoto unaofungua kifuniko cha chupa ya achari kilichokaza. Kasoro ya wengi, alisema, ni kuachia mapema, mpira ukatoka umeviringika kivivu. Akautupa mpira juu, kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, umbali usiozidi nusu mita, mara nyingi. Sisi tuliokaa mbele tulisikia mvumo. Mshono ulizunguka kwa kasi ukawa ukungu mwembamba mweupe, na uliponaswa kwenye kiganja cha kulia ulitoa mlio mkavu wa ngozi kwa ngozi. Mzee mwenye vidole vilivyovimba vifundo alikuwa bado anauimbisha mpira.

Mpira unaozunguka hivyo hauendi moja kwa moja. Huvuta hewa upande mmoja zaidi kuliko mwingine, ukapinda angani. Mrushaji wa mkono wa kushoto akimrushia mpigaji wa mkono wa kulia, mpira huelea kwanza ukimfuata miguuni. Hupanda juu ya usawa wa macho yake, na hilo si bahati mbaya, kwani jicho lililolazimika kuinuka hukosea kupima umbali. Mpigaji huona utamfikia, hunyoosha mguu mbele kukutana nao. Nao hudondoka ghafla, hutua hatua moja kabla ya pale alipoutarajia. Mshono hung'ata ardhi, na mpira uliokuwa ukimfuata sasa unamkimbia. Gongo limeshaanza safari yake. Ukingo wake hugusa ngozi, na mdakaji aliyesimama kando ya mlinda wiketi amekwisha kuinama akisubiri.

Lakini huo ni mpira mmoja kati ya 60, na mzee hakupenda tudumu nao. Alirudi kwenye ile 59 mingine. Alipokuwa kijana wa mafunzo, mwalimu wake alitandaza leso kwenye njia ya kuchezea, mahali ambapo mpira mzuri unapaswa kutua, akamwacha nayo bila mpigaji. Siku hadi siku alirusha, akaokota mipira, akarudi, akarusha. Leso ilipozoeleka ilikunjwa mara mbili. Hakuruhusiwa kujifunza hila yoyote mpaka mpira wake wa kawaida ulipokuwa wa kawaida kweli, kila mara, kukiwa na upepo au bila upepo.

Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi ulipo, na ndipo kamera za televisheni zinaposhindwa kuuonyesha. Runinga hurudia wiketi, yaani kutolewa kwa mpigaji, mara nne kwa mwendo wa polepole, lakini haionyeshi mipira 20 iliyotangulia, isiyo na lolote, iliyotua mahali pamoja na kumzoesha mpigaji jambo moja. Wa 21 hurushwa kwa mwendo ule ule, mkono ule ule, ila umeshikwa ndani kidogo zaidi kwenye kiganja na unafika umechelewa. Au mrushaji amekanyaga sentimita chache kando ya alipozoea, na pembe imebadilika. Au kidole cha shahada kimelala nyuma ya mshono badala ya kuukata. Mpira hautageuka, utakwenda na mkono na kuingia moja kwa moja kwenye vijiti vilivyo nyuma ya mpigaji huku yeye akisubiri uende nje. Hila hizi ni ndogo sana. Thamani yake yote inatokana na uaminifu wa mipira iliyotangulia.

Yorkshire ina ukoo wa kazi hii. Wilfred Rhodes, mzaliwa wa Kirkheaton, alianza kuichezea kaunti mwaka 1898 na kustaafu 1930, akiwa na wiketi 4,204 katika kriketi ya daraja la kwanza. Hakuna aliyemfikia mpaka leo. Hedley Verity alichukua nafasi yake, na mwaka 1932 huko Headingley aliwatoa wapigaji wote kumi wa Nottinghamshire kwa mikimbio 10 tu. Alikufa 1943 akiwa mfungwa wa vita nchini Italia, kwa majeraha aliyoyapata Sisili. Ukumbi mzima uliyajua haya kwa moyo. Mzee aliwataja wawili hao kwa sauti ambayo watu wa kwetu huitumia kuwataja babu zao.

Wakati wa maswali nilimtaja Aasif Karim. Niliona vichwa kadhaa vikigeuka, na mzee akaweka mpira chini.

Karim alizaliwa Mombasa, wa mkono wa kushoto na wa mipira ya taratibu kama Rhodes na Verity. Alikuwa ameshastaafu, anafanya biashara ya bima, alipoitwa kuisaidia Kenya katika Kombe la Dunia la 2003 akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 15 Machi huko Durban, Australia, mabingwa wa dunia, walihitaji mikimbio 175 tu. Wangeweza kumaliza kazi mapema na kwenda kuogelea. Karim alirusha ova 8 na mipira miwili, akatoa mikimbio 7, akachukua wiketi 3, ya nahodha Ricky Ponting ikiwamo. Ova 6 kati ya hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja. Australia walishinda, lakini mchezaji bora wa siku alikuwa yeye.

Mzee aliitazama siku ile kwenye runinga, na alikumbuka mikono. Karim hakuuzungusha mpira kwa kiasi kikubwa, alisema. Wapo vijana wanaouzungusha zaidi. Alichofanya ni kuutua mahali pamoja na kuunyima kasi. Wapigaji wa Australia walikuwa wamezoea kuitumia kasi ya mrushaji, na kwake hawakuikuta, ikawabidi waitengeneze wao wenyewe. Akauinua tena mpira, akarudi chini ya taa, akatuonyesha kwa mwendo wa taratibu kile alichodhani kilimtoa Ponting: mpira ulioingia na mkono, ukafika kwenye pedi kabla ya gongo. Mtu wa nyuma alibisha kuhusu pembe. Walibishana kwa muda mrefu, kwa adabu kubwa, yule wa nyuma akitumia kisanduku cha miwani kuwakilisha vijiti.

Chai ilipoletwa mara ya pili, msichana wa miaka kumi na kitu aliyekuja na babu yake alisogea mbele. Naye ni wa kushoto. Mzee alimpa mpira, akamtazama akiushika, kisha akakisogeza kidole chake cha shahada upana wa punje ya mchele. Jaribu. Mpira ukaviringika kivivu, ukaanguka. Akakisogeza tena, akamwonyesha kifundo kinavyofunguka, akamwambia asiukamue. Ukaanguka, ukabingirika chini ya viti, babu akaufuata. Mwenyekiti alikuwa ameanza kusoma namba za bahati nasibu. Namba ya mzee ilitajwa mara mbili, watu wakamwita, naye alikuwa amepiga goti lake baya sakafuni, amekishika kidole kile kwenye mshono, akihesabu naye kurusha na kudaka. Keki aliyoshinda ililetwa na kuwekwa kwenye kiti kilichokuwa karibu naye.