Faiba Haikati Kona

Picha ya kabati moja la faiba imekuwa ikipita simu hadi simu, na kila inapofika inamwagiwa sifa. Nyuzi za manjano zimenyooka kwa rula, zimeshuka ubavuni mwa kabati, zimekata kona za mraba, na kila baada ya inchi chache zimebanwa kwa tai za plastiki zilizokazwa kwa koleo. "Kazi safi," wanasema. "Huyo ndiye fundi." Ile ni kazi mbovu. Aliyeifanya ana mkono wa fundi umeme, na mkono huo ndio adui wa kwanza wa faiba ndani ya majengo yetu.

Shaba haijali kona. Ukunje waya wa shaba mraba, umeme unapita vilevile. Kwa hiyo kizazi kizima cha mafundi kimejifunza kwamba unadhifu ni mstari ulionyooka na kona kali, na wateja nao wamejifunza kusifu hivyo hivyo. Faiba ni kioo, na kioo kina sheria nyingine.

Mwanga unakaa ndani ya uzi kwa sharti moja tu: ugonge mpaka wa kiini na ganda kwa mlalo. Ukigonga hivyo unarudishwa wote, hakuna kinachovuja. Daniel Colladon alilionyesha jambo hili Geneva mwaka 1841 kwa mchirizi wa maji: mwanga ulifuata maji yalivyopinda kwenda chini. Watu wengi wakisikia habari hiyo wanabeba nusu yake. Wanabeba kwamba mwanga hupinda pamoja na njia yake, wanaliacha sharti. Tena katika faiba ya njia moja, ambayo kiini chake ni mikroni 9 hivi ndani ya ganda la mikroni 125, mwanga hauishi wote ndani ya kiini. Sehemu yake inasafiri nje kidogo, ndani ya ganda. Uzi ukipinda, ile sehemu ya upande wa nje wa mpindo ina safari ndefu kuliko ya upande wa ndani, na inabidi iende kasi zaidi ili zifike pamoja. Inafika mahali haiwezi. Hapo inaachana na uzi na kupotelea kwenye plastiki.

Sasa shika hapa, maana ndipo asiye fundi anapopitwa siku zote. Kadiri wimbi linavyokuwa refu, ndivyo mwanga unavyotanuka nje ya kiini. Kwenye nanomita 1310 doa la mwanga lina upana wa mikroni 9 na ushee. Kwenye 1550 linapita 10. Tofauti inaonekana ndogo mno hadi uikunje faiba. Kona ambayo 1310 inaipita bila kuhisi kitu, 1550 inavujia hapo hapo. Na ni kwenye 1550 na jirani zake ndiko mikongo ya masafa marefu inakofanyia kazi, kwa sababu ndiko kioo kinakopoteza kidogo kuliko kote, desibeli 0.2 hivi kwa kilomita.

Ndiyo maana kipimo cha kazi ya faiba hakianzi kwa macho, kinaanza kwa OTDR, mashine inayochora mstari wa upotevu wa mwanga njiani: weka mistari yake miwili, wa 1310 na wa 1550, mmoja juu ya mwingine. Tafuta mahali palipoporomoka. Kama mistari yote miwili imeshuka kiasi kilekile, hapo kuna kiungo kibaya, rudia kuunga. Kama wa 1310 umetulia na wa 1550 umeanguka, hapo kuna mkunjo, na hakuna mashine ya kuunga duniani itakayoutibu. Fungua trei, tafuta mahali uzi ulipobanwa. Fundi asiyejua kutenganisha magonjwa haya mawili atakata na kuunga mchana kutwa, atafupisha akiba yote iliyoachwa kwenye trei, na tatizo litabaki palepale.

Walaghai wanaijua vizuri tofauti hii ya mawimbi. Nimeona ripoti za makabidhiano, zimechapishwa kwa rangi, zina mihuri, na kila ukurasa ni 1310. Mtu aliyepima wimbi moja na kuacha lile linalouma hakusahau. Akiulizwa, anasema mashine yake haina 1550, ilhali kitufe kipo. Katika nyumba za wateja balaa hilo linakuja kwa sura nyingine: GPON, mfumo wa faiba za majumbani, inapandisha data kwa 1310 na kuishusha kwa 1490, kwa hiyo uzi uliokunjwa nyuma ya kabati la televisheni unamwumiza zaidi yule anayepokea, na mteja anaambiwa anunue ruta mpya.

Mzee aliyenifundisha, aliyekuwa akiunga njia za bara, hakuwahi kupima kiungo trei ikiwa wazi akaridhika. Alifunga kifuniko, akakaza boksi lote la maungio, akalining'iniza mahali litakapokaa, ndipo akaamuru upande wa pili upime. Vijana walinung'unika, maana kosa likionekana ni lazima kufungua kila kitu upya. "Mwanangu," aliniambia, "kifuniko nacho ni fundi, kinakunja usichokikunja wewe." Trei zake zilikuwa na mizunguko mipana iliyolala bila kulazimishwa, kama kamba ya nanga inavyopangwa sitahani na nahodha anayejua kwamba ataihitaji usiku. Mtu wa mjini angeitazama trei ile na kusema imekaa ovyo.

Kanuni yangu ni milimita 30 za nusu kipenyo, na sishuki chini yake. Kiwango cha G.652, cha faiba ya kawaida, kinadai kwamba hata mizunguko 100 ya ukubwa huo isipoteze zaidi ya desibeli 0.1 kwenye nanomita 1625. Wauzaji wanakuja na faiba ya G.657, ya A1 inayovumilia milimita 10 na ya A2 inayovumilia 7.5, na wanamwambia mteja kwamba siku hizi faiba inakunjwa utakavyo. Ni faiba nzuri kwa nyumba za watu. Lakini uvumilivu si ruhusa, na tai ya plastiki iliyokazwa haikunji tu, inaminya. Inatia vipindo vidogo visivyoonekana kwa jicho mfululizo chini ya mkanda wake. Faiba hufungwa kwa velkro, na velkro ilegee kiasi cha kuuacha uzi uteleze ukivutwa kwa kidole. Tai ya plastiki ndani ya kabati la faiba ni kosa hata pale isipoharibu kitu.

Mambo mengine nayasema kwa haraka, kwa kuwa yanajulikana na bado yanapuuzwa. Taa nyekundu inayowaka upande wa pili inathibitisha kwamba uzi haujakatika, basi. Anayekabidhi kazi kwa taa nyekundu hajakabidhi kitu. Ile desibeli 0.01 inayotokea kwenye skrini ya mashine ya kuunga ni makadirio ya kamera, mashine haijapima mwanga wowote uliopita. Kiungo kinachoonekana kuongeza mwanga kwenye OTDR hakikuongeza. Nyuzi mbili zisizolingana zimekutana, pima kutoka pande zote mbili, jumlisha, ugawe kwa mbili. Mwinamo wa mkato uwe chini ya digrii 1, na fundi atazame mkato wake kabla mashine haijamwambia. Kijani kwa kijani, buluu kwa buluu: konekta ya kijani ina uso ulioinama digrii 8, na anayeipachika kwenye ya buluu kwa sababu imeingia anapaswa kurudishwa kwenye kuchimba mitaro. Spiriti iwe ya asilimia 99. Slivu ya kulinda kiungo iingie kwenye uzi kabla ya kumenya. Na fundi anayefunga sanduku la vifaa bila kufuta kliva yake ya kukatia uzi sitampa kazi ya mkongo wala ya mtaa.

Kulikuwa na wakati konekta zilisuguliwa kwa mkono. Gundi ikikauka, fundi alichora namba nane juu ya karatasi laini, akabadilisha karatasi, akachora tena, kisha akaweka jicho kwenye hadubini na kukaa kimya. Aliyepitia kazi ile aliujua uso wa kioo. Siku hizi konekta ya kubana inapachikwa kwa dakika mbili, na anayeipachika hajawahi kuona kwa hadubini kile alichokipachika. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu mwaka 2009, na EASSy mwaka uliofuata, baadhi ya mafundi waliovusha mwanga ule kutoka baharini hadi bara walitoka katika shule ile ya kusugua. Kazi zao nyingi zinaonekana hadi leo kwenye mistari iliyonyooka ya OTDR.

Watu walihangaika mno kuupata uwazi huu wa kioo. Mwaka 1966 Charles Kao na George Hockham walipoandika kwamba kioo kikisafishwa kinaweza kushuka chini ya desibeli 20 kwa kilomita, wengi waliona ni ndoto. Mwaka 1970 watu wa Corning walifika 17. Leo tuko 0.2. Kona moja ya mraba inayokula nusu desibeli kwenye 1550 inatupa kilomita mbili na nusu za kioo hicho ndani ya kabati la upana wa mkono, halafu inapigwa picha na kusifiwa.

Basi ukitakiwa kusaini makabidhiano, usiombe picha. Omba faili za OTDR zenyewe, mawimbi yote mawili, pande zote mbili, boksi likiwa limefungwa. Kisha fanya jambo ambalo wachache hulifanya: kuza ule mkia wa mwisho, pale mstari unapoingia kwenye kelele, kwa uzi wa kwanza, halafu wa pili, halafu wa kumi na mbili. Kelele haijirudii. Niliwahi kupokea kebo ya nyuzi 48 ambayo mikia yake yote ilitetemeka mahali pamoja, kwa kimo kilekile, kuanzia uzi wa kwanza, wa buluu, hadi wa mwisho. Mkandarasi alikuwa amepima uzi mmoja, akabadilisha majina ya faili. Tulifungua trei mbele yake, tukakuta tai za plastiki.