Yule Asiyepiga Mpira

Kwenye tenisi ya wawili wawili, mtu wa kumwangalia mara nyingi ni yule asiyepiga mpira. Mwenzake anapojiandaa kuanzisha, yeye husimama karibu na wavu, amempa mwenzake mgongo, mkono mmoja nyuma ya kiuno. Vidole vyake vinasema jambo ambalo wapinzani hawatakiwi kuliona: nitavuka, nitabaki, nitajifanya navuka. Wakati mwingine huchutama katikati kabisa ya uwanja ili anayepokea asijue atachomokea upande gani. Anayepokea akiyumba, akarudisha mpira wa kupooza, na mpira huo ukazamishwa, makofi yote huenda kwa aliyeuzamisha.

Nimeufuatilia mchezo huu kwa miaka kadhaa, zaidi kwa marudio ya usiku, bando likiruhusu. Malalamiko yangu hayawahusu wachezaji. Yanahusu namna tunavyoonyeshwa na kusimuliwa mchezo wao. Nitazitumia fainali mbili za wanaume za Australian Open, ya 2022 na ya 2024, kwa sababu kuna mtu alicheza zote mbili na ni wachache wanaomtaja: Matthew Ebden.

Mwaka 2022, Nick Kyrgios na Thanasi Kokkinakis, Waaustralia na marafiki tangu utotoni, waliingia kwa mwaliko maalumu wa waandaaji. Katika mchezo wa mmoja mmoja, Kokkinakis alikuwa ametoka raundi ya kwanza na Kyrgios alitolewa na Daniil Medvedev katika ya pili. Wakiwa wawili, wakawa tufani. Waliwatoa Nikola Mektić na Mate Pavić, waliopangwa nafasi ya kwanza. Mashabiki wa Melbourne walishangilia kama wako kwenye soka, hadi kuiga ule mlio wa Cristiano Ronaldo. Kwenye robo fainali, mpira wa Kyrgios ulimgonga mtoto jukwaani, naye akampelekea raketi. Fainali ilichezwa 29 Januari, nao wakawashinda Ebden na Max Purcell, Waaustralia wenzao, kwa 7-5, 6-4. Hakuna jozi ya wanaume iliyowahi kuchukua taji hilo kwa mwaliko kabla yao.

Walikuwapo walioziita shangwe zile fujo. Siungani nao. Aliyekulia kwenye vibanda umiza anajua kwamba kelele nazo ni namna ya kutazama. Watu hupiga kelele pale wanapoelewa kilichotokea. Ninachokikosoa ni simulizi iliyojengwa juu ya kelele zile. Kamera zilimganda Kyrgios: akiongea peke yake, akibishana, akicheka. Kokkinakis akageuzwa kuwa rafiki yake Kyrgios. Ebden na Purcell wakawa ukuta wa kupigia mipira. Mchezo wa watu wanne ukasimuliwa kama hadithi ya mtu mmoja.

Julai mwaka huohuo, ule ukuta ulishinda Wimbledon. Ebden na Purcell waliwapiga Mektić na Pavić kwa seti tano, ya mwisho ikaamuliwa kwa taibreka ya pointi 10-2. Aliyeutazama mchezo wao Januari, na si uso wa Kyrgios peke yake, hakuwa na sababu ya kushangaa.

Fainali ya 2024 nayo ilipata shujaa wake, safari hii kwa haki zaidi. Rohan Bopanna wa India alikuwa na miaka 43 na hakuwahi kushinda taji kubwa la wanaume wawili wawili. Alikuwa amepoteza fainali mbili za US Open: ya 2010 akiwa na Aisam-ul-Haq Qureshi wa Pakistani, na ya 2023 akiwa na Ebden. Katika hiyo ya pili alimwambia mwamuzi kwamba mpira ulikuwa umemgusa mkono, akaiachia pointi ambayo angeweza kuinyamazia. Melbourne, yeye na Ebden waliwashinda Waitaliano Simone Bolelli na Andrea Vavassori kwa 7-6, 7-5, na taibreka ya seti ya kwanza ilikwisha 7-0. Bopanna akawa mwanamume mwenye umri mkubwa kuliko wote kushinda taji kubwa la wawili wawili tangu tenisi ifunguliwe kwa wachezaji wa kulipwa mwaka 1968.

Ni habari nzuri na ninaipenda. Lakini jiulize: mtu wa miaka 43 anawezaje kucheza katika kiwango hicho? Uwanja wa wawili wawili una upana wa mita 10.97, badala ya 8.23 za mmoja mmoja, ila hulazimiki kuulinda peke yako. Servisi ya Bopanna ilikuwa bado nzito. Miguu ya kufukuzia marejesho ilikuwa ya Ebden. Umri ule tulioushangilia ulibebwa na watu wawili.

Tusijidanganye kwamba ni suala la makala za magazeti tu. Mwaka 2024 bingwa wa mmoja mmoja Melbourne alipata dola za Australia 3,150,000. Jozi ya mabingwa ilipata 730,000, nao wakagawana. Hesabu hiyo inampa kila mmoja chini ya sehemu ya nane ya alichopata bingwa wa peke yake. Utetezi wa kawaida ni kwamba watazamaji hawaji. Lakini mtazamaji atakujaje kwa mchezo ambao hajawahi kufundishwa pa kuangalia?

Kuna pendekezo la kuuokoa kwa kuleta nyota. Agosti 2025, US Open walibadili mashindano ya wawili mchanganyiko: siku mbili, seti fupi hadi fainali, nyota wa mmoja mmoja, na dola milioni 1 za Marekani kwa jozi ya ushindi. Uwanja ulijaa. Walioshinda ni Sara Errani na Vavassori yuleyule, mabingwa watetezi, wakiwafunga Iga Świątek na Casper Ruud fainalini. Nyota waliwaleta watu. Waliozoea kusoma vidole vya mwenzao wakaondoka na kombe.

Ninasoma shahada ya uzamili katika fasihi ya Kiswahili, na huenda ndiyo sababu jambo hili linanikereketa. Darasani tunafundishwa kutafuta sauti ya mshairi. Lakini ukimsoma Muyaka wa Mombasa bila washairi wa Lamu aliojibizana nao, umesoma nusu ya mazungumzo. Tasnifu yangu itatoka na jina moja, kama kanuni inavyotaka, ingawa kila sura imepita mikononi mwa mwenzangu anayenionyesha hoja inapochechemea. Jina lake litakuwa kwenye ukurasa wa shukrani, ule ambao wasomaji wengi huuruka. Nikitazama Ebden akitajwa mwishoni mwa sentensi, ninauona ukurasa ule.

Kwenye Olimpiki ya Paris ya 2024, Ebden aliingizwa dakika za mwisho kucheza mmoja mmoja dhidi ya Novak Djokovic, akafungwa 6-0, 6-1. Watu walicheka mitandaoni. Siku chache baadaye, akiwa na John Peers, alivaa dhahabu ya wawili wawili. Purcell, Bopanna, Peers: wenza watatu, mataji makubwa matatu, chini ya miaka mitatu. Ukitaka kuanza kuutazama mchezo huu, tafuta fainali ya Melbourne ya 2024, mwache Bopanna aanzishe, kisha mfuate Ebden pale wavuni kabla mpira haujapigwa.