Goti la bandia na jino bovu: tunaogopa nini hasa?
Mtu wa Vugiri aliyewekewa goti la bandia MOI pale Muhimbili akishuka Korogwe kung'oa jino, wapo watakaomwambia ameze antibayotiki kwanza. Mwongozo wa 2015 wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani (ADA) unasema kwa kawaida hapana. Hapo uko sahihi: tafiti 4 ulizozipima hazikuonyesha kuwa kutibiwa meno kunaleta maambukizi kwenye kiungo. Hata kupiga mswaki huingiza bakteria kwenye damu.

Kasoro yake? Umeandikiwa watu wenye daktari wa meno jirani. Huku milimani cha kuogopa zaidi ni jino lenye usaha linalovumiliwa miezi. Kiungo kikiwahi kusumbua, muulize aliyekupasua. Vinginevyo, jamani, jino likiuma nenda mapema. Antibayotiki tuzitunze, wadudu wasizizoee.