Moto wa Baba katika Kitabu cha Camara Laye

Wengi wetu tulisoma L'Enfant noir kwenye masomo. Camara Laye, mtoto wa mhunzi wa Kouroussa huko Guinea, alikitoa Paris mwaka 1953, akiwa mbali na kwao. Upweke ule ndio uliomrudisha kwenye moto wa baba yake, dhahabu ikiyeyuka, na kwenye jando, ile ambayo huku kwetu wengine wanaita mukanda. Mongo Beti alimlaumu: mbona ukoloni hauonekani? Lawama ile iko na maana. Lakini tusome vizuri: baba, akieleza habari ya nyoka mweusi wa ukoo, anaogopa kwamba shule itamnyima mtoto muda wa kurithi siri. Kijana anakuwa mwanaume, kisha masomo yanamchukua mbali. Jeraha ni hilo. Na sisi, watoto wetu tunawaonyesha moto gani?