Maynard Hill, Fundi wa Gramu

Rubani wa ndege ya mfano hukaa mbali na ndege yake. Miguu iko chini, shingo imeinuka, rimoti iko mkononi, na kila kinachotokea angani lazima akisome kwa macho. Ndege ikimwelekea, kulia kwake kunageuka kushoto, na kidole kikikosea kwa nukta moja, kazi ya miezi inaishia shambani vipande vipande. Katika fani hiyo, Mmarekani Maynard Hill aliweka rekodi 25 za dunia.

Hill alizaliwa Pennsylvania mwaka 1926, akawa mtaalamu wa metali katika maabara ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, huko Maryland. Mwaka 1970 aliipandisha ndege yake ya mfano zaidi ya mita 8,200. Kilele cha Kibo, cha mlima Kilimanjaro, kina mita 5,895 tu. Miaka hiyohiyo ya sabini alibuni kifaa cha kusawazisha ndege kwa kupima umeme uliomo hewani: bawa moja likishuka, vipokezi vya kwenye ncha za mabawa mawili husoma tofauti, na usukani hurekebishwa bila mkono wa mtu.

Lakini kazi ninayoistahi kuliko zote aliifanya uzeeni, macho yakiwa yamefifia kiasi cha kuhesabiwa kipofu kisheria na masikio yakiwa mazito. Alitaka kuivusha ndege ya mfano ng'ambo ya Atlantiki. Kanuni zilikuwa ngumu: ndege pamoja na mafuta isizidi kilo 5, na injini isizidi sentimita za ujazo 10. Hapo ndipo ufundi wake ulipojipambanua. Mafuta yenyewe, yale ya taa na majiko ya kambini, yalichukua zaidi ya kilo 2. Kiunzi, injini na vyombo vyote vilibanwa katika uzito uliosalia. Ili mafuta yafike, injini ilitakiwa kunywa gramu 60 tu kwa saa, au pungufu. Basi Hill akakaa na kabureta, akirekebisha, akipima, akirudia. Mbao za balsa alizichonga kwa kupapasa, vidole vikifanya kazi ya macho.

Ndege nne za kwanza hazikufika. Ya tano, TAM-5, aliirusha kwa mkono wake jioni ya tarehe 9 Agosti 2003 kutoka Cape Spear, Newfoundland, akiwa na miaka 77. Ikishatoweka machoni, kompyuta ndogo iliyofuata setilaiti ndiyo iliyoiongoza juu ya bahari. Alasiri ya tarehe 11 ilionekana pwani ya Ireland, karibu na Clifden, mahali walipotua Alcock na Brown mwaka 1919 baada ya kuvuka bahari hiyo bila kusimama. Rubani mwenzake Hill, Dave Brown, aliipokea kwa rimoti na kuitua. Ilikuwa imeruka saa 38 na dakika 52, kilomita zipatazo 3,030, na tangi likiwa karibu tupu.

Hill alifariki mwaka 2011. Wapo marubani waliozichezesha ndege za mfano kwa madaha kuliko yeye, wakazibinua na kuzizungusha mpaka watu wakapiga makofi. Lakini aliyeketi na gramu moja ya mafuta kwa subira kumzidi, mimi simjui.