Ugali Si Mkopo

Tuisome MyFitnessPal, programu ya kuhesabu chakula iliyoanza 2005, kama maandishi. Lugha yake ni ya mkopo: asubuhi unapewa kalori zako, kila mlo unakatwa, ukizidisha unaona baki hasi kwa rangi nyekundu. Sisi wa Fuliza tunaijua hiyo hali. Ukifunga siku, inakutabiria uzito wako wiki 5 zijazo kama kila siku ingekuwa kama leo. Lakini leo ni sukuma, kesho ni harusi ya binamu na pilau.

Na uhakika wa hizo namba uko wapi? Majedwali ya vyakula vya Kenya, yaliyotolewa 2018 na serikali pamoja na FAO, huhesabu kwa gramu 100. Kibandani ugali hukatwa kwa jicho. Nyumbani githeri ni sufuria moja, watu sita.

Kwa hivyo itumie kama shajara, si kama daftari la madeni la duka. Andika ulikula nini, saa ngapi, na kama ulishiba. Hilo la kushiba ndilo hesabu yake haiulizi, na ndilo mama huuliza kwanza.